Mabuti ya Baba Mlangoni

Joplin, Missouri
4 Aprili 1993

Mama mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko bondeni. Goti lako linaendeleaje? Na yule kuku mweusi, bado anataga chini ya gari bovu la Baba? Mimi ni mzima, ukiacha taya, ambalo linalia kama mlango kila nikitafuna. Nakunywa supu, na mkate nauchovya kwenye kahawa kama bibi kizee.

Najua Lonnie amekuja kugonga mlango wako. Najua amelia. Mume wangu hulia vizuri sana, Mama, na machozi yake yamenirudisha nyumbani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Safari hii alinipiga na kikaango cha chuma, kile ulichonipa siku ya harusi. Nikiwa bado sakafuni akakisuuza, akakaangia mayai, akaniuliza nataka mawili au matatu. Sijui kwa nini ni yale mayai yaliyonitoa, si kikaango. Nililala pale nikisikia yakikaangika, damu imejaa mdomoni, nikajua kwamba mtu huyu ataniua siku moja, halafu atakaa ale.

Nimenunua lile gari la mikate lililokuwa limetupwa nyuma ya duka. Nimelipaka rangi ya buluu kwa brashi ya kupakia uzio, na nyuma nimetandika godoro. Bado linanuka hamira. Naenda nalo magharibi mpaka barabara iishie baharini. Wewe unajua Lonnie alikuwa akisoma maili za gari kila jioni, kuona kama nimepita dukani nikaenda kwingine. Sasa naendesha kutwa nzima, na hakuna wa kuniuliza mafuta yamekwenda wapi. Jana nilicheka peke yangu kwenye usukani mpaka taya likaniuma.

Nilipopita kwako alfajiri nilichukua mabuti ya Baba ya mgodini pale kibarazani. Usinikasirikie. Nilitaka kitu chake kimoja.

Mama, sikiliza. Usimwambie mtu niliko. Simu sitapiga, maana najua ni nani anayeketi jikoni kwako ikilia. Nitakuandikia kila mara mji ninaoelekea. Wewe andika jina langu la usichana, Rhonda Sizemore, kisha posta ya mji huo, nao wataiweka barua mpaka nije kuichukua mwenyewe. Mji unaofuata ni Tucumcari, New Mexico.

Bintiyo,
Rhonda


Bondeni kwa Sizemore, Kentucky
13 Aprili 1993

Mwanangu Rhonda,

Barua yako imenikuta napanda viazi, nikaisoma na udongo mikononi, ndiyo maana sikuweza kuiweka kwenye Biblia. Goti liko palepale na kuku naye yuko palepale, wote wakaidi. Namshukuru Mungu kwamba unapumua. Kunywa maziwa kwa ajili ya hilo taya.

Mabuti nilidhani yameibwa na mbwa wa jirani, nikamtupia mbwa wa watu gogo bure. Kaa nayo. Baba yako angependa kusafiri, na hakuwahi kufika mbali zaidi ya chini ya ardhi.

Sasa nikwambie jambo, na usirarue karatasi kabla ya kumaliza. Jumapili ile baada ya wewe kuondoka Lonnie alikwenda mbele madhabahuni. Alipiga magoti akalia mpaka Ndugu Estil akashindwa kuendelea na mahubiri. Alisema mbele ya watu wote: "Nimemtenda mke wangu vibaya, niombeeni." Tangu siku hiyo hakosi ibada ya maombi ya Jumatano. Anakuja na dada yake Verna, wanaketi nyuma yangu. Amenikatia kuni za kutosha majira yote ya baridi, na hakutaka hata kikombe cha kahawa. Ananiita Mama Opal.

Mimi ni mama yako, sisemi urudi kesho. Nasema vikombe vikikaa kabati moja havikosi kugongana. Baba yako naye alikuwa na mdomo mchafu siku za mshahara. Mtu akitubu, sisi ni nani?

Hakuna mtu anayejua uliko kwa kinywa changu. Nakuombea kila Jumatano.

Mama yako,
Opal


Tucumcari, New Mexico
2 Mei 1993

Mama yangu,

Natumaini viazi vimeota na goti limelegea. Mimi natafuna tena. Jana nilikula pilipili ya kijani iliyonitoa machozi, na yalikuwa machozi mazuri.

Mama, vikombe hugongana, ni kweli. Lakini mimi na Lonnie hatukuwa vikombe viwili. Mimi nilikuwa kikombe, yeye alikuwa nyundo. Usiniandikie tena habari za magoti yake. Alipiga magoti hivyohivyo aliponivunja mtulinga, na ni mimi niliyembembeleza kwa mkono uliobaki. Na Baba hakuwahi kuninyanyulia hata mkono. Usimpake Baba matope ili Lonnie aonekane msafi.

Basi, nimeshasema, roho imetua. Nimekuwa nikisafisha vyumba vya gesti hapa kando ya barabara, na nimepata rafiki. Anaitwa Dot, ni mjane wa Nebraska, mzee kuliko wewe, anavuta trela yake peke yake nchi nzima na ana kambwa kadogo kenye hasira za simba. Alinikuta uwanja wa kambi, akaniangalia, akauliza:

"Binti, unalala peke yako humo?"

"Ndiyo."

"Basi usilale kama mtu aliye peke yake. Huna viatu vya mwanamume?"

Nikamtolea mabuti ya Baba. Akayageuza, akaona kile kiraka cha tairi ambacho Baba alishona kwenye ncha ya buti la kushoto, akacheka. "Haya ni ya mume mkubwa, tena mbishi. Yaweke mlangoni kila unapolala. Na bakuli kubwa la mbwa kando yake. Mtu mwenye nia mbaya akipita, ataona viatu, ataona bakuli, ataenda kwa mwingine." Yeye mwenyewe ana viatu vya marehemu mumewe kwenye ngazi ya trela. "Harold hakuwahi kunifaa hivi alipokuwa hai," anasema. Wanawake wote wanaosafiri peke yao hufanya hivyo, Mama. Ukipita kambini asubuhi utadhani nchi nzima ina wanaume waliolala bila viatu.

Kwa hiyo Baba ananilinda. Kila jioni nayaweka, nayasemesha kidogo, kisha nalala usingizi ambao sijaulala tangu niolewe. Naamka ninapoamka. Nimegundua kwamba napenda mayai ya kuchemsha, na kwamba redio naipenda kwa sauti ya juu. Nina miaka ishirini na tisa na ndiyo kwanza najifahamu.

Naelekea Globe, Arizona. Dot atanifuata nyuma polepole. Niandikie posta ya huko.

Bintiyo,
Rhonda


Bondeni, Kentucky
12 Mei 1993

Rhonda mwanangu,

Nashukuru u mzima na unatafuna. Viazi vimeota. Umenisema vibaya juu ya baba yako nikakasirika siku mbili, siku ya tatu nikaona umesema haki. Yamekwisha.

Habari ya mabuti imenifurahisha mpaka nikashindwa kukaa nayo. Jumatano nilisimama wakati wa shukrani nikawasimulia kanisani jinsi marehemu anavyolinda mlango wa mwanawe, kiraka na yote. Watu walicheka, Ndugu Estil akasema ni mfano mzuri wa Baba wa mbinguni. Lonnie alicheka mpaka akapangusa macho. Kisha nikaomba Bwana akufikishe Globe salama, na kanisa zima likasema Amina. Usinitolee macho: sijamwambia mtu, nimemwambia Mungu.

Lonnie ameaga, amekwenda Ohio kutafuta kazi. Alinibusu paji la uso. Verna anasema atakaa huko wiki kadhaa. Kwa hiyo hata ukitaka kunipigia simu sasa, piga, jikoni hakuna mtu.

Msalimie huyo Dot. Mwambie mume wake wa viatu na wako wa viatu wasigombane.

Mama yako,
Opal


Hospitali, Arizona
9 Juni 1993

Mama,

Sijui kama u mzima, na leo nashindwa kuuliza vizuri. Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umepoteza vidole vitatu.

Barua yako niliichukua posta ya Globe asubuhi, nikaitia mfukoni ili niisome na kahawa. Kumbe Lonnie alikuwa ng'ambo ya barabara kwenye pikapu ya kukodi, akanifuata kwa mbali. Kuna magari mengi kambini, na langu nilikuwa nimelipaka rangi na kubadilisha namba. Angeweza kunipoteza kwenye kona. Lakini alipoingia kambini aliangalia chini tu, mlango kwa mlango, akitafuta kiraka cha tairi.

Nilikuwa nachemsha maji. Nikasikia mtu anasema nje, kwa furaha kabisa: "Hodi, Baba! Mwanao yupo?" Kisha akayapiga mabuti teke. Viatu vinavyomfukuza kila mwanamume wa nchi hii vilimwambia yeye peke yake kwamba ndani hamna mwanamume.

Nilishika mlango kuufunga. Akaubamiza mkono wangu ukiwa katikati, akaufungua, akaubamiza tena. Alifanya hivyo mpaka mlango ukafunga vizuri. Kisha akaingia na spana ya tairi. Sitakuandikia yote. Alinipiga mbavu, alinipiga uso, na muda wote alikuwa akizungumza taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Alisema: "Mama Opal anakuombea sana. Jumatano kabla sijaondoka niliomba naye."

Dot akaja. Mzee yule, na gauni la kulalia, ameshika sepetu. Alimpiga Lonnie mgongoni mara moja, vizuri sana. Lonnie akageuka akampiga na spana kichwani, akampiga tena alipokuwa chini, na kambwa kake kakimng'ata mguu akakakanyaga. Watu wakatoka kwenye matrela wakipiga kelele, naye akakimbia. Dot alikaa hai siku tatu bila kufumbua macho. Nilikuwa kitanda cha pili. Nilimsikia akipumua, halafu sikumsikia.

Polisi wa hapa wanamtafuta kwa mauaji. Wale wa kambini waliona mgongo na kofia. Aliyemwona uso ni mimi tu.

Barua yako nimeisoma hapa. Ina damu, lakini inasomeka. Umemwambia Mungu, Mama. Na Mungu alikuwa ameketi kiti cha nyuma yako na jina la mji mkononi.

Mabuti nayarudisha kwa posta. Sitaki kuyaona. Na mji ninaokwenda sitauandika tena.

Rhonda


Bondeni, Kentucky
20 Juni 1993

Mwanangu,

Barua hii naituma hospitali hiyohiyo, nikitumai bado upo. Sikuulizi hali.

Mabuti yamefika. Nimeyafuta. Nimeyaweka kando ya jiko, na kila nikipita nayaona, na ndivyo inavyonistahili.

Ni mimi. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Tumelelewa hivyo, kwamba cha kanisani si cha duniani, na kwamba mtu akiinamisha kichwa hasikii kama wengine wanavyosikia. Nilifunga mlango wa mbele kwa makufuli, nikamkaribisha mwizi kwa nyimbo. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye nguo. Siombi unisamehe kwenye karatasi. Dot nitamwomba mwenyewe nikifika kwa Mungu, na sitegemei atanijibu haraka.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili ni kubwa kuliko majuto yangu. Lonnie yuko hapa. Sherifu alipanda mlimani mara moja akashuka akisema hakuona mtu, lakini mlima ule una mashimo ya migodi ya kumficha kila mwenye dhambi wa kaunti hii. Verna anaishi peke yake na anapika sufuria mbili. Juzi mchana alikuja mlango wa nyuma, Lonnie mwenyewe, ndevu zimemjaa. Akaketi kwenye kiti cha baba yako.

"Mama Opal," akaniambia, "yuko wapi?"

"Sijui. Amekataa kuniambia."

"Ni yeye tu aliyeniona uso. Unaelewa? Mimi sina ubaya na mtu. Nikishamaliza na Rhonda, nitaishi na watu wote kwa amani."

Akanishika mkono, akaukunja nyuma taratibu mpaka bega likatoka mahali pake. Nililia kwa sauti, na yeye akanipigapiga mgongo kwa mkono wake mwingine kama unavyombembeleza mtoto wa kichanga. Rhonda, sikukuamini mpaka pale. Ulinionyesha taya, ukanionyesha mtulinga, nami nikasubiri mpaka liwe bega langu. Hilo ndilo nitakalokufa nalo.

Bega limerudishwa. Usije nyumbani. Usiniambie uliko, hata nikikusihi. Na ukisikia popote, kwa mtu yeyote, kwamba Rhonda wa Sizemore anarudi kwao, usishangae na usigeuze gari. Endesha tu.

Mama yako,
Opal


28 Agosti 1993

Mama,

Natumaini bega limepona. Barua yako nilipewa na muuguzi siku niliyotoka.

Nimefika. Barabara imeisha, na mbele yake ni maji ya kijivu, baridi, yanapiga miamba kwa hasira. Nimeendesha kwa mkono mmoja na nusu. Nimevuka jangwa ambalo redio haishiki kitu. Kila kituo cha mafuta niliangalia viatu vya watu kwanza kabla ya nyuso. Sasa nafanya kazi mahali panapofungashwa samaki. Wenzangu wananiita Vidole, kwa upendo, na mmoja ananiuliza kila asubuhi kama leo vimeota. Mlangoni kwangu siweki viatu vyovyote.

Usiku namwona Dot na sepetu. Mchana nafanya kazi. Nilitaka kukuandikia kwamba nimekusamehe, nikaandika, nikachana. Bado. Lakini nilipoona bahari mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia alikuwa wewe, basi nimekwambia.

Rhonda


Jela ya kaunti, Kentucky
17 Oktoba 1993

Mwanangu Rhonda,

Salamu kutoka mahali usipopatarajia. Mimi ni mzima, bega linanisumbua kukinyesha, chakula hapa hakina chumvi. Mji hukuniandikia, lakini mhuri wa posta kwenye bahasha yako unasomeka Coos Bay, Oregon. Sikumwonyesha mtu. Bahasha niliichoma, jina nikalishika. Sasa nalitumia kwa sababu hakuna tena wa kulisikia.

Jumatano ya mwisho ya Septemba nilisimama kwenye ibada ya maombi. Verna alikuwa nyuma yangu. Ndugu Estil akauliza nani ana hitaji. Nikasema: "Ndugu zangu, mniombee. Rhonda wangu amechoka kukimbia, anarudi. Hataki kuonekana mjini. Atajificha kwenye kibanda cha marehemu baba yake cha kuwindia, kule mgongoni mwa mlima, mpaka apate nguvu za kwenda kwa sherifu. Bwana amfikishe Ijumaa salama." Nikalia, na machozi hayakuwa ya uongo. Kanisa zima likasema Amina. Verna alisema Amina kwa sauti kuliko wote.

Ijumaa nilipanda asubuhi, goti au bila goti. Niliwasha jiko ili moshi uonekane. Nikatundika gauni lako la maua kwenye kamba. Kisha nikayaweka mabuti ya baba yako mlangoni, kiraka kikitazama njia, na bakuli kando, kama Dot alivyofundisha. Nikaketi ndani gizani na ile bunduki ya baba yako ya marisau, ya kuwindia kindi. Nilikuwa na risasi mbili ndani ya bunduki na sikuleta nyingine.

Alikuja mchana jua likiwa juu. Nilimsikia akicheka kabla sijamwona. Alikuwa na mpini wa shoka mkononi na kisu cha kuchunia paa kiunoni. Akasimama mbele ya mabuti akasema: "Rhonda, Rhonda! Baada ya yote yale bado unamwita mzee mlinzi? Hujifunzi, mke wangu." Akainama akalichukua buti moja, akaja nalo mpaka mlangoni.

Nikafyatua. Ilimpata tumboni na kwenye mkono ulioshika buti. Aliketi chini kwenye ngazi kama mtu aliyechoka. Alitazama mkono wake, ambao haukuwa mkono tena, kisha akaniona nikitoka.

"Mama Opal," akasema. "Ni mimi. Ni mimi, Lonnie. Nilikukatia kuni."

"Ulizikata vizuri, mwanangu," nikamwambia, na nikampa ya pili.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa haraka. Alichukua muda. Aliita mama yake, ambaye namfahamu, tulisoma darasa moja, na mimi nilikaa ngazi ya juu yake mpaka alipomaliza, kwa sababu hata mbwa hafi peke yake nikiwepo. Damu ilijaa ndani ya buti lililobaki. Nililimwaga, nikateremka mlima, nikaenda kwa sherifu nikamwambia: "Mtu uliyemkosa yuko kwangu."

Ndugu Estil amekuja kunitembelea. Aliketi, kofia magotini, akasema: "Dada Opal, ulidanganya wakati wa maombi."

"Ndiyo, Ndugu Estil. Na mara ya kwanza nilisema kweli, mwanamke asiye na hatia akafa. Wewe umesoma. Niambie ni lini nilitenda dhambi kubwa zaidi."

Akasema atakwenda kuliombea. Nikamwambia aliombee nyumbani kwake, mlango umefungwa.

Verna naye alikuja. Alinitemea mate kupitia nondo. Sikujifuta mpaka alipoondoka. Ni kaka yake, na uchungu ule naujua.

Wakili anasema bega langu litanisaidia, na hati ya Arizona ya kumkamata Lonnie itanisaidia, lakini mabuti hayatanisaidia, kwa sababu mtu anayetega mtego hajitetei. Ni kweli, nilitega. Nitalisema mahakamani hivyohivyo. Wanataka shahidi wa mambo ya Globe. Nimewaambia sina mtoto wa kuwaletea. Kaa na bahari yako. Umeendesha vya kutosha kwa ajili ya makosa ya watu wengine.

Siulizi tena habari ya kusamehe. Nataka kujua kitu kimoja tu: hayo maji, ni ya chumvi kweli kama wanavyosema, au ni hadithi?

Mama yako,
Opal


Coos Bay, Oregon
26 Oktoba 1993

Mama yangu mpendwa,

Bega halijambo? Goti? Mimi ni mzima kabisa. Nimeisoma barua yako nikiwa nimeketi kwenye ngazi ya gari la mikate, nikaisoma tena, nikalia, nikampigia Vidole mwenyewe makofi, yaani mimi, kwa mkono mmoja kwenye paja. Wenzangu walidhani nimepata wazimu.

Maji ni ya chumvi. Nimekujazia chupa. Utayaonja mwenyewe, hata kama itabidi wayapime kwanza pale getini kuona kama si pombe.

Nimemwambia msimamizi wangu naacha kazi. Nimekagua mafuta na tairi. Wakili wako anataka shahidi, na mimi nina uso wa Lonnie kichwani na mkono wa kuwaonyesha. Nitasimama pale mbele na kusema ni nani aliyeanza kutega na ni nani aliyefunga mlango mpaka ukafunga vizuri. Wakikufunga hata hivyo, nitakodi chumba karibu na hapo, nije kila siku ya wageni na chumvi mfukoni.

Sikia sasa njia yangu. Kesho nalala Burns, hapahapa Oregon. Kisha Twin Falls. Kisha Rawlins, Wyoming, kama theluji haijafunga mlima. Kisha North Platte, Nebraska, na kutoka hapo nitapinda kaskazini kidogo, kwenye makaburi waliyomlaza Dot kando ya Harold wake, nimwekee sepetu mpya. Kisha Columbia, Missouri. Kisha Paducah, na kutoka Paducah najua njia ya kwetu hata nikifumba macho.

Mpe Ndugu Estil barua hii. Mwambie asimame Jumatano, asome miji yote, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti, na Verna akiwepo. Gari ni la buluu, bado linanuka hamira. Mlangoni hakuna viatu.

Bintiyo,
Rhonda